Mpimaji wa Unga wa Shaba: Mzee Ephantus Ndambiri Gitari, 1948–2019

Mzee Ephantus Ndambiri Gitari, ambaye leo, Ijumaa tarehe 15 Februari 2019, tunamlaza kando ya mkewe hapa Ruiri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Kanja, Embu. Alikuwa kifungua mimba wa Gitari na Wanjira, wakulima, na alipewa jina la babu yake mzaa baba. Aliyemfuata ni Kathuri, ambaye yuko hapa nasi. Miaka ya hali ya hatari ilimkuta angali mtoto. Familia yao ilihamishiwa kijijini pamoja na majirani wote, na Kathuri husema kwamba kaka yake alikumbuka vumbi la uwanja wa kijiji kile kuliko alivyoikumbuka njaa yake.

Alianza shule ya msingi Kanja mwaka 1956 akamaliza mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Masomo ya sekondari aliyapata mjini Embu kuanzia 1964 hadi 1967. Ni wakati huo alipochukua chekeche la mama yake bila kuomba, akalipeleka shuleni kuchekecha chaki iliyosagwa, na kulirudisha mahali pake bila kuliosha vizuri. Jioni hiyo Wanjira alionja uji, akaweka kibuyu chini na kusema, "Leo tunakunywa darasa." Hakumpiga. Alimwambia siku nyingine aombe, na alipoomba alimpa. Kuanzia 1969 hadi 1971 alisomea kazi za maabara katika chuo cha ufundi jijini Nairobi, akatunukiwa cheti.

Januari 1972 aliajiriwa na kiwanda kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Meru, kilichosaga dawa ya shaba ya kunyunyizia kahawa. Wakulima waliiita kopa. Ulikuwa unga wa rangi ya samawati iliyopauka, na kazi ya Mzee Ndambiri hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1999 ilikuwa kupima ukubwa wa chembe zake. Wengi walimuuliza unga unapimwa kwa nini. Aliwajibu kwa maneno yaleyale kila mara: chembe kubwa huzama ndani ya pampu ya kunyunyizia na kuziba mdomo wake, na hata zikifika kwenye tunda la kahawa huoshwa na mvua ya kwanza. Chembe ndogo huelea majini na kushika tunda. Mkulima aliyeuziwa chembe kubwa, alisema, ameuziwa mchanga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Aliupitisha unga kwenye chekeche la waya mwembamba, akimimina maji juu yake polepole. Lakini chembe alizozitaka zilikuwa ndogo kuliko tundu la chekeche lolote, kwa hiyo zilizopita alizikoroga ndani ya silinda ndefu ya kioo iliyojaa maji, akaiweka mahali pasipo na mtikisiko, akasubiri. Chembe kubwa huanguka haraka. Ndogo huchelewa. Kila baada ya muda aliojiwekea alifyonza maji kidogo kwa mrija kutoka kina kilekile, akayakausha, akapima uzito wa kilichobaki, na hapo alijua ni sehemu gani ya unga ilikuwa ndogo kiasi gani. Sampuli aliichota mwenyewe kwenye mdomo wa mashine, ndani ya wingu la unga, kwa sababu hakuamini sampuli iliyoletwa na mtu mwingine. Miaka ya mwanzo hapakuwa na maski. Alijifunga leso puani.

Mashine iliendeshwa na Marete, rafiki yake hadi mwisho.

"Wewe unalipwa kungojea maji," Marete alikuwa akimwambia.

"Na wewe unalipwa kunichelewesha," alijibu Mzee Ndambiri. "Ungesaga vizuri, ningeenda nyumbani mapema."

Mvua za Aprili 1974 zilipoanza, msichana wa Ruiri aitwaye Felicitas Karwirwa aliingia kwenye chumba cha kupimia akiwa amebeba pampu ya baba yake mgongoni. Aliitua juu ya meza, katikati ya vioo.

"Nani hapa anauza mchanga?"

"Hapa tunauza dawa, dada."

"Dawa gani? Tunapiga mti mmoja, pampu imeziba, tunafungua. Tunapiga wa pili, tunafungua tena. Baba amesema nikuje nimwone huyo mtu kwa macho."

Mzee Ndambiri alimimina unga uliobaki kwenye pampu ndani ya silinda ya maji, akaukoroga, akaiweka silinda mezani.

"Ngoja," akasema.

"Ningoje nini?"

"Itulie."

"Mimi nimetoka Ruiri na pampu mgongoni, na wewe unaniambia ningoje maji yatulie?"

"Keti. Kuna chai."

Aliketi. Alikunywa chai akiitazama silinda, kisha akauliza kwa nini chini kumejaa haraka hivyo.

"Kwa sababu umesema kweli."

"Basi sema kwa nguvu, huyo wa mashine asikie."

Akasema kwa nguvu. Marete, ambaye ndiye aliyekuwa wa mashine, anasema hajawahi kuaibishwa kwa adabu namna ile tena. Unga wote wa mkupuo ule ulirudishwa kusagwa, na mfuko wa kwanza wa unga mpya ulifikishwa Ruiri na Mzee Ndambiri mwenyewe, kwa baiskeli ya kiwanda. Alirudi Ruiri mara nyingi baada ya hapo bila mfuko wowote.

Walifunga ndoa kanisani hapa Ruiri Jumamosi tarehe 20 Desemba 1975. Yeye alisema Kiembu, mkewe Kimeru, na katika maisha yao yote kila mmoja alishikilia kwamba lugha ya mwenzake ni yake iliyoharibiwa. Walinunua shamba hili tulilosimama juu yake. Walijaliwa watoto watatu: Wanjira mwaka 1976, Kathure mwaka 1979 na Gitari mwaka 1983. Wanjira alibeba jina la bibi yake, mama wa Mzee Ndambiri, na kwa hiyo baba yake alimwita Mama hadi siku ya mwisho.

Kuna kisa kimoja ambacho wengi waliopo hapa wamekisikia kutoka kinywani mwake. Kila Ijumaa alikuja nyumbani na ovaroli yake ifuliwe. Karwirwa hakuitia majini moja kwa moja. Aliitundika kwenye msumari ukutani jikoni, na Jumamosi asubuhi aliipeleka nyuma ya jikoni na kuikung'uta juu ya mistari yake ya waru, yaani viazi, kwa nguvu, mfuko baada ya mfuko, kwa kuwa kopa ni dawa na hakuona sababu ya kuimwaga na maji ya sabuni. Waru zake hazikuungua majani hata miaka ya mvua nyingi, wakati za majirani zilikuwa nyeusi. Walipomuuliza siri yake aliwaambia, "Olewa na mtu wa kopa." Mzee Ndambiri alikipenda kisa hiki. Alikisimulia kiwandani, kwenye harusi na kwenye mikutano ya kanisa, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba yeye ndiye mwanamume pekee Meru nzima ambaye suruali yake inalima.

Baada ya mwaka 1997 hakukisimulia tena.

Karwirwa alianza kukohoa mwaka 1994. Alitibiwa kifua kikuu, na hakikuwa kifua kikuu. Picha ya kifua ilionyesha mapafu yenye makovu. Daktari aliyekuwa akimhudumia alimuuliza maswali ya kawaida, anapikia nini, analala wapi, kisha akauliza kama kuna vumbi lolote la kazini linalofika nyumbani.

"Vumbi gani?" akasema Karwirwa. "Mimi hukung'uta tu nguo za mzee."

Mzee Ndambiri alikuwa ameketi kando yake. Wanjira, aliyewasindikiza siku hiyo, anakumbuka kwamba baba yake aliinuka, akaenda dirishani, na hakurudi kuketi.

Alijua jambo ambalo hakuna mwingine chumbani, ila daktari, aliyelijua. Vumbi lenye chembe kubwa hunaswa puani. Chembe ndogo peke yake ndizo hufika mwisho wa pafu, na udogo huo ndio alioupigania kiwandani miaka yote. Unga alioukataa ungeishia puani mwa mkewe. Unga alioupitisha, ule mzuri, ndio ungeweza kwenda mbali.

Daktari alisema huenda ni vumbi la dawa, na huenda ni moshi wa jiko la mawe matatu ambalo Karwirwa alipikia tangu utotoni, kama wanawake wengi. Picha peke yake haikutosha kusema ni kipi.

Karwirwa alifariki Jumatatu tarehe 11 Agosti 1997. Hospitali iliomba ruhusa ya kumfungua kifua ili sababu ijulikane. Wazee wa Ruiri walisema binti yao hatakatwa. Waliotoka Kanja walisema hivyo hivyo. Lakini mwenye neno la mwisho alikuwa mume, na wote walimngoja. Alisema hapana. Karwirwa akazikwa bila kufunguliwa, na jibu likazikwa naye.

Juma lililofuata alikwangua masizi kwenye dari ya jikoni, akakwangua na vumbi la samawati lililoganda ukutani kuuzunguka ule msumari, akavipeleka kiwandani. Aliviweka juu ya vipande viwili vya kioo, kila kimoja na tone la mafuta, akavitazama kwa hadubini na kuzipima chembe moja moja kwa mistari iliyochorwa ndani ya lenzi. Marete alisimama mlangoni.

"Umepata nini?"

"Masizi ni madogo. Vumbi la ovaroli ni dogo."

"Lipi linaingia?"

"Yote mawili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sina kitu."

Marete alimwambia aachane nayo, hakuna mtu anayemlaumu. Mzee Ndambiri alimjibu kwamba jibu lilikuwepo, aliulizwa kama analitaka, na yeye ndiye aliyelikataa.

Hakuoa tena. Jikoni aliweka bomba la kutolea moshi, na kiwandani alisumbua wakubwa hadi wakajenga bafu na chumba cha kubadilishia nguo, na ovaroli haikuruhusiwa kuvuka lango. Kwa kuwa hakujua mwenye kosa ni nani kati ya moshi na unga, aliwafungia njia wote wawili. Nyuma ya jikoni hakupanda waru wala kitu kingine. Pale mahali ni patupu hadi leo.

Kiwanda kilipofungwa alianza kuzunguka kwenye vyama vya ushirika vya kahawa, kutoka Kanja hadi vilima vya Imenti, akiwafundisha watu kuchanganya dawa na kuwasihi nguo za dawa zisikung'utwe, zitiwe majini zikiwa kama zilivyovuliwa. Hakulipwa na mtu. Alisema hilo moja kila mahali, hata kwenye harusi, hadi akaitwa Usikung'ute, na watoto wa hapa Ruiri wengine hawakujua kwamba ana jina lingine. Wanawake sokoni walimtania.

"Usikung'ute, umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, mama. Nguo za mzee ziko wapi?"

"Ziko kwa maji. Hata yeye mwenyewe nimemtia kwa maji."

Alicheka nao. Hawakujua wote kwa nini aliuliza, na yeye hakuwaambia.

Oktoba 2017 miguu yake ilianza kuvimba, na hospitalini Meru ikaonekana kwamba moyo umechoka. Alitunzwa na Wanjira, aliyerudi kuishi hapa nyumbani kwa ajili yake. Alikuwa mgonjwa mpole, ila alibishana na dawa: kila tembe alitaka ivunjwe aone ndani. Mwezi uliopita, Kathuri alipokuja kumwona kitandani hospitalini, aliwaambia yeye na Wanjira jambo alilokuwa ameshaliamua.

"Nikienda, mtanifungua kifua."

Kathuri alikataa papo hapo. "Wewe ni mkubwa wangu na sijawahi kukupinga. Hilo, hapana. Utaenda mbele ya Mungu umeshonwa kama gunia la maharagwe?"

"Atanijua kwa mshono."

"Usifanye mzaha."

"Sifanyi. Mimi nilivuta unga ule kuliko mtu yeyote. Kama uko kwangu, huenda ulikuwa kwake. Kama hauko, basi pia tutakuwa na kitu."

"Na utajuaje, ukiwa umekufa?"

Wanjira anasema baba yake hakuwa amelitarajia swali hilo.

"Nyinyi mtajua," akasema. "Mtaniambia." Kisha akamgeukia binti yake. "Mama, utahakikisha nimeambiwa?"

Aliahidi. Kathuri hakuahidi kitu. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi hadi saa za kuwaona wagonjwa zikaisha, kisha akaingia tena, akamshika kaka yake mkono na kusema sawa.

Mzee Ndambiri alifariki asubuhi ya Jumatano tarehe 6 Februari 2019, Wanjira akiwa kando yake. Angetimiza miaka sabini na mmoja mwezi ujao.

Alifunguliwa kama alivyoagiza. Jumatatu ya juma hili Daktari Mithika, aliyeifanya kazi hiyo, aliita familia. Kilichomuua ni moyo. Kwenye mapafu alikuta weusi wa moshi, ule anaoukuta kwa watu wengi waliolelewa kando ya jiko la kuni, na makovu machache ya uzee. Shaba hakuikuta. Aliitafuta kwa macho, akaitafuta kwa hadubini, akapeleka vipande vipimwe kwa kemikali, na haikuwepo.

Wanjira aliuliza swali ambalo baba yake angeuliza. "Hiyo inasema nini juu ya mama yetu?"

"Inasema kidogo," daktari akajibu. "Baba yenu alisimama kwenye wingu la unga ule siku nzima, miaka kadhaa, na leso tu. Mama yenu aliupata Jumamosi asubuhi, nje, penye upepo. Kwa haya niliyoyaona, mimi nisingeutafuta kwake. Lakini miaka ishirini imepita tangu kiwanda kifungwe, na miili haifanani. Siwezi kuapa."

Familia ilimshukuru kwa kutoapa. Angeapa, Mzee asingemwamini.

Jumanne, Kathuri, Wanjira na Marete walipeleka nguo mochari kumvalisha. Wanjira alilitoa koti la suti ndani ya mfuko, akalishika mabegani, akainua mikono kulikung'uta, akaishusha. Alilipangusa kwa kitambaa chenye maji hadi likawa safi. Walipomaliza kumvalisha, Wanjira alianza kutimiza ahadi yake, akamgeukia Kathuri amalizie. Kathuri akamsogeza kando polepole, akainama karibu na sikio la kaka yake, akazungumza naye kwa Kiembu cha kwao Kanja.

"Ndambiri, ni mimi. Wamekufungua. Ndani ulikuwa na moshi wa jiko la mama, basi. Kopa haimo. Daktari anasema hangeitafuta kwa Karwirwa."

Akainua kichwa, kama anayengoja kupingwa.

"Atakuambia hiyo ni sampuli moja," Marete akasema.

"Najua. Mwambie wewe. Mimi hizo zenu sizijui."

Marete alikuja upande wa pili, akamweka sawa kola ya shati.

"Ni sampuli moja, Ndambiri," akasema. "Ndiyo uliyotuachia. Na imetulia."

Mzee Ndambiri ameacha watoto watatu, Wanjira, Kathure na Gitari. Wajukuu, wakiwemo Karwirwa na Ndambiri wadogo. Mdogo wake Kathuri na jamaa wote wa Kanja. Wakwe zake wa Ruiri, waliomhesabu kuwa mtoto wao. Na rafiki yake Marete. Mkewe, Felicitas Karwirwa, alimtangulia kwa zaidi ya miaka ishirini na moja, na Mzee alilibeba swali lile peke yake kwa muda huo wote.

Apumzike sasa kando yake. Ameshaambiwa.